Wali wa Sikukuu na Gauni la Kuazima

Haya, mmenishinda, nitasema. Kila tukikutana sisi tuliosoma pamoja lazima mmoja aniite Skolastika, na nyie wengine mnabaki kutazamana, mnadhani labda ni jina la mke niliyemkimbia huko Mpanda. Si hivyo. Skolastika ni mimi. Nilikuwa Skolastika kwa muda usiofika hata nusu siku, nikiwa darasa la nane, tena mbele ya Padre Mkuu, walimu, wazee wa vijiji na baba yangu mzazi, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. (Mkianza kucheka kabla sijafika penyewe, naacha.)

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na shule yetu ilikuwa ya misheni, ya wavulana watupu, ya bweni, huku upande wa ziwani mbali na kila mtu. Kutoka kwetu Mpanda ulikuwa unapanda lori la misheni, unakaa juu ya magunia, unashuka mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na ukishashuka umeshuka, hutoki tena mpaka likizo. Kengele ya alfajiri, Misa, kufagia, darasa, bustani, darasa tena, mpira, rozari, kulala. Na chakula, jamani! Ugali na maharage, kesho maharage na ugali, Jumapili ugali na dagaa ili tujue kwamba ni Jumapili. Nyama tulikutana nayo kwenye hesabu tu, mchinjaji ana ratili kadhaa za nyama, akiuza ratili kadhaa atabakiwa na ngapi, na sisi tunameza mate huku tunatoa.

Wali ndio usiseme. Ulipikwa siku moja kwa mwaka, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, na hata siku hiyo tuliuona ukipita juu ya vichwa vya akina mama kwenda kwa wageni, sisi tukabaki na harufu. Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia uliisha kabla haujafika bwaloni kwetu, tukapewa ugali na mchuzi wa kwato, na nakumbuka nilikaa mbele ya ile sahani nikaweka nadhiri (mimi mtumishi wa altare, kijana wa kusali!) kwamba mwaka ujao nitakula wali hata kama ni kwa njia ambayo malaika wangu mlinzi hataipenda.

Sasa kulikuwa na sheria. Padre Mkuu, Mzungu mrefu wa ndevu nyeupe ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, alikuwa na sheria nyingi lakini hii moja ilikuwa haina mchezo. Siku za sikukuu, akina mama wanapokuja kupika, mvulana asikanyage jikoni wala upande wowote walipo wanawake, na atakayekutwa huko anarudi kwao siku hiyo hiyo. Hakuwa anatania. Mwenzetu wa darasa la saba alikwenda kupiga soga na wasichana nyuma ya jiko, akaonekana, na kabla jua halijazama tuliona sanduku lake la mbao linapakiwa kwenye lori na yeye mwenyewe juu yake, anatazama miguu yake. Hakurudi tena.

Na mimi nilikuwa na la kupoteza. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umekaribia, nikishinda nakwenda chuo cha ualimu. Baba yangu alikuwa mpasua mbao porini kule upande wa Mpanda, wale wa msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo mwingine chini shimoni, na yeye siku zote alikuwa wa chini, anayekula unga wa mbao. Alikuwa ameshawatangazia wapasuaji wenzake wote kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Mwaka ule akaomba nafasi kwenye lori la misheni, akaja sikukuu kwa mara ya kwanza, amevaa shati jeupe ambalo nilijua si lake, ili aje aone kwa macho yake mahali mwanawe anapofundishwa.

Haya. Sikukuu ile tuliandaa mchezo wa kuigiza, kautunga Mwalimu Benedikto, mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana mwembamba wa kupenda sifa. Ulihusu bibi harusi mvivu ambaye hataki kupika wala kuchota maji. Shule ya wavulana, bibi harusi atatoka wapi? Nikachaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa mfupi na uso wangu ulikuwa haujaota hata unywele mmoja, wakati wenzangu darasani wengine walikuwa wananyoa ndevu kwa kipande cha chupa. Mwalimu akaenda kuazima gauni la maua refu mpaka chini, khanga mbili, na kitambaa cha kichwa cha kuficha upara (maana sisi wote tulinyolewa kipara kila mwezi kama mafungu ya viazi).

Mchezo ulipangwa alasiri, baada ya chakula. Asubuhi baada ya Misa kubwa tukajifungia kwenye darasa la tano kufanya mazoezi ya mwisho tukiwa tumevaa kila kitu, na tulipomaliza Mwalimu akasema, "Vueni, mkavae sare, mkapange mstari bwaloni. Mtavaa tena baadaye." Wenzangu wakavua, wakatoka mbio. Mimi nilichelewa kwa sababu fundo la khanga lilikaza, nikasogea dirishani kwenye mwanga nilifungue, na hapo dirishani, nyie, ndipo nilipoharibikiwa. Dirisha lilikuwa linatazama jikoni. Niliona masufuria makubwa juu ya mafiga, mama mmoja kafunua kifuniko, mvuke ukapanda mweupe, akakoroga, na chini ya ule mvuke ulikuwa wali. Sufuria la pili lilikuwa la nyama ya ng'ombe. Na mle jikoni wamejaa wanawake na wasichana, wengine siwajui, wengine hawajuani wenyewe, maana walikuja wa kijiji cha misheni, wakaja wa kwa wavuvi, wakaja na wengine kwa lori kutoka Mpanda.

Nikajitazama. Gauni, khanga, kitambaa. Nikajisemea: Gaspari, anayepika ndiye anayeonja, wale wote watakuwa wanakula muda huu kidogo kidogo, nani atamjua msichana mmoja zaidi? Ninaingia, napewa sahani, nakula, natoka, navua, sare, bwaloni. Hivyo tu. Nikaliacha lile fundo kama lilivyo.

Nilipofika mlangoni mwa jiko nikakutana na mama mmoja mnene, mikono imekunjwa mpaka mabegani, ameshika mwiko mrefu kuliko mimi. Huyo ndiye Mama Yustina, mke wa mvuvi, mkubwa wa wapishi siku hiyo. Akanitazama juu mpaka chini.

"We binti, umekuja na lori?"

Nikapiga magoti kama nilivyoona dada zangu wanavyofanya, nikasema kwa sauti ya mbu, "Ndiyo, mama."

"Unaitwa nani?"

Jina hilo sikuwa nimelipanga. Kichwani likanijia la mtakatifu aliyesomwa Misani siku moja. "Skolastika."

"Haya Skolastika, kinu kile pale. Twanga kisamvu."

Mimi nilitegemea sahani, nikapewa mchi. Sasa kwetu mchi ni wa wanawake, mvulana unaweza ukakua mpaka ukaoa hujawahi kuushika, kwa hiyo nikakitwanga kile kisamvu kama mtu anayepasua kuni, na maji ya kijani yakaruka yakamwingia jirani yangu machoni, yakaingia kwenye mchele uliokuwa unachambuliwa, yakanirudia mwenyewe mdomoni. Mabibi wakaacha kazi wakanitazama.

"Mpanda hawatwangi siku hizi?" akauliza mmoja.

"Wanakula kwa macho," akajibu mwingine, wakacheka, wakaninyang'anya mchi.

Nikajua sasa nitapewa sahani. Nikapewa mtungi. Wenzangu wasichana wakajitwika yao, wakashuka ziwani wanasemezana huku mikono inaning'inia bure, na mimi nyuma yao. Kushuka si neno. Kupanda, na mtungi umejaa, ndio nikagundua kwamba shingo yangu haikuwahi kufundishwa kitu. Nilishika kwa mikono miwili, nikayumba, maji yakanishuka mgongoni, gauni likanasa miguuni, nikafika jikoni nimebeba maji ya kunawa mtu mmoja na nimelowa kama nimebatizwa upya. Mama Yustina akachungulia ndani ya mtungi, akanichungulia na mimi, akaguna tu.

Baada ya hapo nikafungwa mtoto mgongoni. Mama yake alikuwa anageuza wali, mtoto analia, na mimi ndiye niliyeonekana sina kazi ninayoiweza. Mtoto alinyamaza vizuri kabisa, akalala, na akiwa usingizini akanikojolea mpaka kiunoni. Nikasimama pale karibu na sufuria la nyama, mgongo wa moto, tumbo linanguruma, nangoja hiyo kuonja. Hakuna aliyeonja! Mama mmoja alidondoshea mchuzi kiganjani, akalamba kujua chumvi, basi. Nikamwuliza msichana mmoja kwa ile sauti yangu ya mbu, "Sisi tunakula saa ngapi?" Akanishangaa, akasema, "Wakimaliza wao. Kikibaki."

Nawaambia ukweli, hapo nilitaka kulia. Nikaamua nitoroke nikavae sare, niwahi hata ule ugali wangu. Nikamfungua mtoto polepole, nikamrudisha kwa mama yake, nikaanza kurudi nyuma nyuma kuelekea mlangoni, na mgongo wangu ukagota kwenye tumbo la Mama Yustina.

"Huyu hapa," akasema, amenishika bega. "Kutwanga hajui, maji hajui, lakini ni mpole, hasemi sana, anainamisha macho. Huyu atawanawisha wageni."

Akanipa beseni, birika la maji na taulo jeupe.

Nyie vijana wa siku hizi wa bomba na sabuni hamjui. Wakati ule wageni wa heshima wakikaa mezani, msichana anakuja na beseni, anapiga magoti mbele ya kila mmoja, anammiminia maji, mgeni ananawa, anapewa taulo, msichana anasogea kwa mwingine kwa magoti. Na meza ile, iliyopangwa chini ya turubai uwanjani, ilikuwa na wazee wa vijiji, dereva wa lori, walimu wote, Padre Mkuu kwenye kichwa cha meza, na baba yangu na shati lake jeupe. Nikamwambia Mama Yustina naumwa tumbo. Akasema sote linatuuma, ni njaa, nenda.

Nikaenda. Kufukuzwa kulikuwa kunanitazama kwa macho mawili, lakini kukimbia pale mbele ya watu wote na beseni mkononi kungekuwa ni kujipigia kengele mwenyewe, kwa hiyo nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, nikaanzia mwisho kabisa wa meza ili Padre awe wa mwisho. Mzee wa kwanza akanyoosha mikono huku anamsimulia mwenzake habari za tembo walioingia shambani kwake, hata hakunitazama. Wa pili hivyo hivyo. Dereva alikuwa anapiga miayo. Nikaanza kupata moyo. Hawatazami! Wanatazama maji, wanatazama vidole vyao, wanatazama mbali wali unakotokea, lakini anayemimina hawamtazami hata kidogo, ningekuwa na pembe wasingeona.

Nikafika kwa baba. Ile mikono naijua, imechanika chanika kwa msumeno, na ndiyo iliyonifundisha kutembea. Akanawa, akajifuta, akasema taratibu, "Ahsante, mwanangu," kama mtu mzima yeyote anavyomwambia binti yeyote, na akaendelea kumwuliza jirani yake kama anamfahamu kijana mmoja wa darasa la nane anayeitwa Gaspari, maana tangu Misa iishe hajamwona.

"Labda yuko bwaloni na wenzake," jirani akasema.

Kisha nikafika kwa Mwalimu Benedikto. Huyu ndiye aliyeazima lile gauni, na mtu hasahau maua aliyoyaazima kwa heshima yake mwenyewe. Akalitazama ua moja, akalitazama la pili, akanitazama mimi, na uso wake ukawa wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki mgebuka. Hakusema kitu (angesemaje, wakati ni yeye aliyenivika?). Akafumba macho, akanawa amefumba, nadhani alikuwa anasali.

Akabaki Padre Mkuu. Nikasogea kwa magoti, nikaweka beseni, nikainua birika.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Mimi nilikuwa natumikia Misa tangu darasa la tano. Kila alfajiri, kila siku ya Mungu, nilikuwa nammiminia padre huyu huyu maji kwenye ncha za vidole pale altareni, matone machache, nainama, natoa kitambaa, nasubiri, na Kilatini kinanitoka chenyewe hata nikiwa usingizini nusu. Padre akanyoosha vidole vyake vile vile anavyonyoosha altareni. Na mikono yangu, wala si mimi, ni mikono yenyewe, ikamimina matone machache tu kwenye ncha za vidole, nikainama vizuri, nikatandaza taulo juu ya mkono wa kushoto, nikampa, nikafumbata mikono kifuani. Padre akajifuta. Akaonekana amesita kidogo. Halafu akasimama kubariki chakula, akafungua mikono yake kuelekea watu wote, akasema Bwana awe nanyi kwa Kilatini cha Misa:

"Dominus vobiscum."

Na Skolastika, binti wa Mpanda, aliyepiga magoti na khanga zake mbili, akajibu kwa sauti nene ya mtumishi wa altare ambayo ilisikika mpaka jikoni:

"Et cum spiritu tuo!"

Hata nzi walitua. Siku zile msichana hakanyagi altareni, hajui Kilatini hicho cha kujibu awe na roho yako, wala hana kazi nacho, na sauti yenyewe ilikuwa imeanza kuvunjika, ilianzia juu ikaangukia shimoni.

Padre Mkuu akaniinamia. "Binti," akasema, "wewe umejifunza wapi kutumikia Misa?"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia kiti kinasogea. Baba alikuwa amegeuka. "Hiyo sauti naijua," akasema. "Gaspari?"

Nikataka kusimama nikimbie. Nikasimama juu ya gauni. Gauni likanivuta chini, mimi nikalivuta beseni, na maji yote waliyonawa wazee, walimu na dereva yakaruka yakamkuta baba kifuani, kwenye shati lile jeupe la kuazima, na kitambaa changu kikachomoka na kipara kikatoka nje kinang'aa juani. Nyuma yangu mama mmoja akapiga ukelele, "Mayo, mama yangu! Ni mwanamume!"

Mama Yustina alikuja na mwiko wake, amekunja uso. "Wewe! Nimekufunga mtoto mgongoni!"

"Ndiyo, mama," nikasema, na sasa ile sauti ya mbu ndiyo ikatoka, wakati haina kazi tena.

Wenzangu wakamiminika kutoka bwaloni, shule nzima, wakasimama ukingoni mwa uwanja. Padre akanyoosha mkono, wakatulia.

"Gaspari. Sheria ya jikoni unaijua?"

"Naijua, Padre."

"Dereva, unaondoka saa ngapi?"

"Jioni, Padre," dereva akasema, naye ananionea huruma.

Sikumwangalia Padre. Nilimwangalia baba. Maji yanamdondoka, majani ya kisamvu yaliyotoka mikononi mwangu yamemganda shatini. Angenipiga ningefurahi. Nilimwona kichwani mwangu anarudi porini, anashuka shimoni, na wale aliowatangazia wanamwuliza habari za mwalimu wao. Machozi yakanitoka, na mtu mwenye gauni akilia hata kuficha hakuna maana.

"Ulifuata nini kule?" Padre akauliza.

Nilifikiria uongo. Nilikuwa nimechoka nao. "Wali, Padre."

"Wali." Akalirudia neno kama analionja. "Na umekula kiasi gani?"

"Sijala."

"Hujala hata kidogo?"

"Atakula nini?" Mama Yustina akadakia, mwiko bado juu. "Padre, sisi wenyewe hatujala tangu jana usiku. Jikoni tunakula mkimaliza nyie, kikibaki. Huyu tumemtwangisha kisamvu, katwanga vibaya. Tumemtuma maji, kamwaga. Kabeba mtoto, kakojolewa. Kama mna adhabu kubwa kuliko hiyo mpeni, lakini kwanza aje aoshe vyombo."

Hapo mmoja wa wale waliotoka bwaloni akashindwa kujizuia. Alikuwa rafiki yangu aitwaye Leo, jirani yangu wa kitanda, mdomo unang'aa mafuta. "Gaspari!" akaita. "Safari hii tumepewa sisi kwanza! Wali na nyama! Sahani yako nimekula mimi, nilijua unaumwa!"

Ni kweli. Mwaka ule Padre alikuwa ameagiza wanafunzi wahudumiwe kabla ya wageni wote, kwa sababu alijua habari za kwato za mwaka uliopita zilituuma, na masinia yao yalipita wakati mimi niko ziwani na mtungi. Ningefungua fundo la khanga, nikavaa sare, nikapanga mstari kama nilivyoambiwa, ningekuwa nimekula nimeshiba nimelala. Nadhani uso wangu ulisema hayo yote, maana ndevu za Padre Mkuu zikaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu mabega, halafu miwani ikamdondoka kwenye sahani, na alipocheka yeye uwanja mzima ukaangua kicheko, wazee wanapigana viganja, dereva amelala juu ya meza, Mwalimu Benedikto anacheka kwa hofu. Baba peke yake hakucheka.

Padre alipopata pumzi akasema sheria inawahusu wanaokwenda jikoni kufanya uvivu na wanawake, na huyu amekwenda kufanya kazi, tena kazi asiyoijua. Kwa hiyo sitapanda lori. Nitafanya kazi jikoni kila sikukuu mpaka nimalize shule, chini ya Mama Yustina, nitaosha kila sufuria la siku hiyo, na nitakula wanapokula wao, baada ya watu wote.

Mchezo wetu ulifanyika alasiri na gauni lile lile, bichi, linanuka moshi na mkojo. Nilikuwa nikitokea tu, kabla sijasema neno, watu wanalia kwa kucheka, na nilipofika pale bibi harusi anaposema kwamba kuchota maji ni kazi rahisi asisumbuliwe nayo, akina mama walinizomea kiasi kwamba sikuweza kuendelea.

Jua likiwa linashuka nilikuwa ufukweni nasugua masufuria kwa mchanga na majivu. Wali uliobaki ulikuwa ukoko wa chini, mweusi nusu, tukaubandua kwa mikono mimi na akina mama, tukala tumechuchumaa, na Mama Yustina akanisogezea kipande kilichokuwa na mafuta. Ulikuwa mtamu, siwadanganyi, lakini nilikuwa nautazama mlango wa bwalo kumwona baba na hakutokea.

Baba alikuja lori lilipoanza kunguruma. Shati limekauka na madoa yake. Nikapiga magoti, mazoea ya siku nzima, akanishika mkono akaniinua. Nikamwomba radhi. Akatazama sufuria.

"Uliponinawisha," akasema, "nilikuambia ahsante mwanangu, na sikujua kama ni wewe."

"Ndiyo, baba."

"Mtoto wangu mwenyewe, karibu namna hii." Akaonyesha kwa kiganja. "Mama yako ananimiminia maji kila jioni tangu nilipomwoa. Najiuliza kama nimewahi kumtazama."

Akanipa mkono, akapanda juu ya magunia, akaondoka. Mtihani nilishinda, ualimu nikaupata, na wapasuaji wenzake walimnyima amani mpaka alipostaafu, kila siku wanamwuliza habari za binti yake.

Nami tangu siku hiyo niliapa. Gauni sivai, hata iwe mchezo wa kanisani, hata mniombe. Nikiwa nimealikwa mahali nakaa nilipowekwa, nala nilichopewa. Na akija mtu na birika kuninawisha, kabla sijanyoosha mikono namtazama usoni, namwuliza kama ameshakula. Wengi hucheka wakidhani babu amezeeka. Lakini bado sijampata hata mmoja aliyenijibu ndiyo.